Nani Hurudi Kwanza? Toba na urejesho katika Maandiko ya Kiebrania

Mwaka 587 KK, jeshi la Babeli likiwa limeuzingira Yerusalemu na chakula kikizidi kuadimika, nabii Yeremia alikuwa amefungwa katika uwanja wa walinzi ndani ya jumba la mfalme Sedekia. Akajiwa na Hanameli, mtoto wa ami yake. Hanameli hakuja kumpa pole wala kumletea mkate. Alikuwa na shamba la kuuza. Shamba lenyewe lilikuwa Anathothi, kijiji alikozaliwa Yeremia, mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu kutoka mjini, na siku zile eneo lote la nje ya kuta lilikuwa mkononi mwa adui. Yeremia akalinunua. Sura ya 32 ya kitabu chake inaueleza ununuzi huo hatua kwa hatua, kwa uangalifu wa karani wa ardhi: hati ikaandikwa, ikatiwa muhuri, mashahidi wakaitwa, fedha ikapimwa kwenye mizani, shekeli 17, ambazo kwa uzani wa leo hazifiki gramu 200. Hati zilikuwa mbili, moja imefungwa kwa muhuri na nyingine wazi. Zote mbili akamkabidhi mwandishi wake Baruku mbele ya watu waliokuwa wameketi pale uwanjani, akamwagiza azitie ndani ya chungu cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Kufikia siku hiyo Yeremia alikuwa amehubiri kwa takriban miaka 40, tangu mwaka wa 13 wa utawala wa Yosia, na kitenzi kimoja alikirudia mpaka wasikilizaji wakachoka naye: rudini. Hawakurudi. Katika sura ya 25 analalamika kwamba miaka 23 ilikuwa imekwisha kupita, kila siku akisema nao, na hakuna aliyetega sikio. Ndiyo maana ununuzi ule unashangaza, na hata yeye ulimshangaza: alipomaliza kuukamilisha aliomba sala ndefu, sala ya mtu asiyeelewa kwa nini ameamriwa kutoa fedha yake. Kama urejesho ni ujira wa toba, toba haikuwepo. Fedha ile basi iliwekwa juu ya msingi gani?

Swali hilo ndilo uti wa mgongo wa Maandiko ya Kiebrania, yale ambayo Wakristo huyaita Agano la Kale na Wayahudi huyaita Tanakh. Nani hurudi kwanza, mtu au Mungu? Toba ndiyo inayofungua mlango wa urejesho, au urejesho hufunguliwa kwanza na toba ikaingia nyuma yake? Mahubiri mengi yanajibu haraka kwamba ukitubu utarejeshwa, yakaishia hapo. Naona jibu hilo ni nusu tu ya maandiko, tena nusu ambayo maandiko yenyewe yaliitilia shaka kadiri msiba wa taifa ulivyozidi kuwa mzito. Kadiri tunavyousogelea uhamisho wa Babeli, na baada yake, ndivyo sauti zinavyoongezeka zinazosema kwamba Mungu hutangulia, na kwamba toba ya kweli ni tunda la rehema iliyokwisha kufika.

Tuanze na neno. Kitenzi cha Kiebrania kinachobeba mzigo huu ni *shuv*, nacho kimo zaidi ya mara 1,000 katika maandiko hayo. Maana yake ya kila siku ni kurudi: mtu hurudi kutoka vitani, maji hurudi mahali pake, msafiri hurudi nyumbani. Hata nomino yake, *teshuva*, ambayo marabi baadaye waliifanya kuwa neno rasmi la toba, katika Biblia yenyewe haina maana hiyo hata mara moja. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, *teshuva* ya Samweli ni safari yake ya kurejea Rama, kwa sababu nyumba yake ilikuwa huko. Manabii walipolichukua neno hili la njiani na kulitumia kwa ajili ya dhambi, walikuwa wanadai jambo zito: kwamba dhambi ni kupotea njia ya kwenu, na toba ni miguu.

Msomaji wa Kiswahili yuko karibu na neno hili kuliko anavyodhani. *Toba* na *kutubu* tulivipata kwa Waarabu, na wanaisimu wengi wa lugha za Kisemiti wanaona kwamba Waarabu nao walivipokea kutoka Kiaramu, ambako mzizi t-w-b ni ndugu wa damu wa sh-w-b ya Kiebrania. *Thawabu* nayo imetoka kwenye tawi jingine la mti huohuo: ni kile kinachomrudia mtenda mema. Kwa hiyo anayesema toba Mombasa au Kigoma anatamka, kwa lafudhi iliyosafiri mbali, kitenzi kilekile cha Yeremia.

Kiswahili kinatusaidia hata zaidi kwa upande wa *kurudi*. Sisi hurudi nyumbani, hurudisha tulichoazima, na mzazi humrudi mtoto wake anapokosa. Kiebrania kina neno jingine la kumrudi mtoto, lakini *shuv* hufanya kazi mbili za kwanza sawasawa na kitenzi chetu, na kwa namna ileile: kurudi ni umbo la kawaida, kurudisha ni umbo la kusababisha, mzizi ni mmoja. Jambo hili la sarufi lina uzito mkubwa, kama tutakavyoona.

Jibu la kwanza, lile la mahubiri yetu mengi, limeandikwa kwa uzuri wote katika sura ya 30 ya Kumbukumbu la Torati. Watu watakuwa wametawanywa kati ya mataifa, watakumbuka, watamrudia Mungu, naye atawakusanya. Katika mistari kumi ya kwanza kitenzi *shuv* kimetokea mara saba. Ukihesabu nani anafanya, mara nne ni watu na mara tatu ni Mungu. Watu wanarudi, Mungu anarudi, watu, Mungu, kama wafumaji wawili wanaopokezana uzi. Lakini angalia kilicho katikati, mstari wa 6: Mungu mwenyewe ataitahiri mioyo yao ili waweze kumpenda. Mapema katika kitabu hichohicho, sura ya 10, kazi hiyo walikuwa wameagizwa waifanye wenyewe. Sharti limegeuka kuwa ahadi, na aliyeyaandika maneno hayo hakuona haja ya kutueleza kwa nini.

Sala ya Sulemani wakati wa kuliweka wakfu hekalu, Wafalme wa Kwanza sura ya 8, inacheza na sauti za maneno mawili yanayofanana, kuchukuliwa mateka na kurudi, kwa namna ambayo tafsiri haiwezi kuifikisha. Huko walikotekwa, watageuka. Kinachonigusa katika kipande hicho cha mwisho cha sala ni udogo wa ombi. Hakiombi safari ya kurudi nyumbani. Kinaomba msamaha, na kwamba waliowateka wawaonee huruma. Mtu aliyeandika hivyo alijua uhamisho ni nini.

Kitabu cha Waamuzi ndicho kinachoonekana kuwa mashine ya toba: watu wanakosa, wanaonewa, wanalia, wanaokolewa, kisha wanakosa tena. Mpaka sura ya 10, ambapo mashine inakwama. Watu wanaungama kwa maneno sahihi kabisa, na Mungu anakataa. Anawakumbusha mara zote alizowaokoa, kisha anawaambia waende wakailie miungu waliyoichagua. Ndipo wanapoiondoa miungu hiyo kati yao, na hata hapo maandishi hayasemi kwamba Mungu aliridhika na toba yao. Yanasema nafsi yake haikuweza kuvumilia tena taabu ya Israeli. Kilichomsukuma kilitoka ndani yake, na toba yao haina nafasi katika sentensi hiyo.

Na Amosi, mwanzoni kabisa mwa manabii walioacha vitabu, katikati ya karne ya 8 KK, anatoa ushahidi wa upande mwingine. Katika sura yake ya 4 anaorodhesha njaa, ukame, ukungu wa mimea, nzige, tauni, na baada ya kila pigo kiitikio kilekile, mara tano: hamkunirudia. Adhabu peke yake haileti toba. Wazazi wanalijua hilo.

Kuna neno ambalo watu wengi wanaliamini kuwa ndilo toba yenyewe: nimekosa, kwa Kiebrania *hatati*, neno moja tu. Fuatilia nani wanalitamka. Farao analitamka mara mbili, wakati wa mvua ya mawe na wakati wa nzige, na mara zote mbili pigo likiisha moyo unakuwa mgumu tena. Balaamu analitamka akiwa amesimama mbele ya upanga. Akani analitamka baada ya kura kumfikia, nyara ikiwa imefukiwa hemani mwake. Sauli analitamka mbele ya Samweli, akaongeza papo hapo kwamba aliwaogopa watu, na alipolirudia mara ya pili aliomba aheshimiwe mbele ya wazee wa taifa lake. Daudi naye, aliyekuwa amemchukua Bathsheba na kumwua mumewe Uria, analitamka mbele ya nabii Nathani, akaongeza jina la Mungu aliyemkosea, akanyamaza. Kwa Kiebrania ni maneno mawili tu. Hakumtaja Bathsheba kama aliyemshawishi, hakusema kwamba Uria alikataa kwenda nyumbani, hakutaja uzito wa kazi ya ufalme. Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na siku zile, ni ndefu na ni nzuri, lakini simulizi lenyewe lilimpa Daudi pumzi moja.

Msamaha ulikuja papo hapo. Mtoto wa Bathsheba akafa. Upanga, alivyotangaza Nathani, haukuondoka katika nyumba ya Daudi. Tunapofundisha kwamba toba hufuta kila kitu tunairuka sehemu hii, na watu waliokwisha kutubu huku wakiendelea kuishi na matokeo ya walichotenda wanajiona kana kwamba toba yao haikupokelewa. Simulizi la Daudi lingewafariji zaidi kama lingesomwa lote.

Sasa turudi kwenye sarufi. Sheria ya Walawi sura ya 6 (katika matoleo ya Kiebrania ni mwisho wa sura ya 5) inamzungumzia mtu aliyemdhulumu mwenzake: amekana amana, ameiba, ameokota kilichopotea akaapa kwamba hakukiona. Akitambua hatia yake anatakiwa arudishe kile alichokichukua, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe mwenyewe siku hiyohiyo anapoleta sadaka. Kitenzi cha kurudisha hapo ni *shuv* katika umbo lake la kusababisha. Hesabu sura ya 5 inarudia sheria hiyo na kuongeza ungamo, tena inauliza: na kama aliyedhulumiwa amekwisha kufa? Deni liende kwa ndugu yake. Kama hana ndugu, kwa kuhani. Halifi. Tumezoea kusema yaliyopita si ndwele. Torati inasema yaliyopita yana hesabu, na inaitaja.

Nimekaa katika ibada nyingi ambamo mtu alisimama akatoa ushuhuda wa maisha aliyoyaacha, tukapiga makofi na vigelegele, na hakuna aliyeuliza wako wapi wale aliowaumiza. Marabi waliuliza. Mishna, iliyokusanywa mwanzoni mwa karne ya 3 BK, inasema Siku ya Upatanisho haifuti kosa kati ya mtu na mwenzake mpaka amridhishe mwenzake. Talmudi, ikieleza maana ya watu wa Ninawi kuacha dhuluma iliyokuwa mikononi mwao, inasema hata aliyekuwa ameiba boriti akaijengea jumba alilibomoa jumba zima ili boriti irudi kwa mwenyewe. Siku ya Upatanisho yenyewe, mbuzi wawili wa Walawi 16 na mmoja wao akipelekwa jangwani, ni somo kubwa linalojitegemea. Hapa inatosha kusema kwamba haikukusudiwa kuchukua nafasi ya boriti.

Kesi inayolivunja jibu la kwanza ni ya Manase. Alitawala Yuda miaka 55, muda mrefu kuliko mfalme mwingine yeyote wa ukoo wa Daudi. Wafalme wa Pili sura ya 21 inamshtaki kwa kumpitisha mwanawe motoni na kuujaza Yerusalemu damu isiyo na hatia kutoka upande huu hadi upande huu. Kisha akalala na baba zake, akazikwa katika bustani ya nyumba yake. Hakuna toba. Mjukuu wake Yosia, mwaka 622 KK, aliposomewa kitabu cha torati kilichoonekana hekaluni, alirarua mavazi yake, akasafisha nchi nzima, akafanya pasaka ambayo haijafanywa mfano wake tangu siku za waamuzi. Wafalme wa Pili 23 inasema hapakuwa na mfalme aliyerudi kama yeye, na kitenzi ni kilekile, kwa moyo wake wote, roho yake yote na nguvu zake zote. Mstari unaofuata unasema Mungu hata hivyo hakurudi nyuma na hasira yake, kwa sababu ya Manase. Mtu alirudi kikamilifu kuliko wote, na Mungu hakurudi. Mwaka 609 KK Yosia akauawa Megido na Farao Neko, na kabla ya miaka 25 kupita mji ukateketea.

Vizazi baadaye, pengine katika karne ya 4 KK chini ya utawala wa Waajemi, mwandishi wa Mambo ya Nyakati alisimulia habari hizohizo na hakuweza kuziacha zilivyo. Kwake yeye Manase anakamatwa na majemadari wa Ashuru, anapelekwa Babeli kwa kulabu na pingu za shaba, na huko anajinyenyekeza na kuomba. Mungu anamsikia na kumrudisha Yerusalemu katika ufalme wake. Wanahistoria wanabishana. Maandishi ya Ashuru yanamtaja Manase kama mfalme mtiifu anayetoa kodi, na hayasemi lolote kuhusu uasi wala kufungwa. Lakini tazama alichokifanya mwandishi huyu. Mtu ambaye kitabu cha kwanza kilimfanya kuwa sababu ya uhamisho, yeye amemfanya kuwa mfano wa waliohamishwa: akapelekwa Babeli kwa pingu, akaomba kule, akarudishwa. Aliwaandikia watu ambao babu zao walipita njia hiyohiyo. Kama Manase aliweza kurudishwa, nani asiyeweza?

Ni kitabu hichohicho pekee kinachobeba lile neno linalopendwa sana katika mikutano ya kuliombea taifa, Mambo ya Nyakati ya Pili 7:14, kuhusu watu watakaojinyenyekeza na nchi yao kuponywa. Vitabu vya Wafalme havina mstari huo. Una vitenzi vinne kabla ya uponyaji: kujinyenyekeza, kuomba, kuutafuta uso wa Mungu, na kurudi kutoka njia mbaya. Vitatu vya kwanza vinafanyika uwanjani. Cha nne kinafanyika ofisini, sokoni na nyumbani, baada ya mkutano, na ndicho chenye *shuv* ndani yake.

Watu wa uhamishoni wenyewe, wale waliokalia mifereji ya Babeli kuanzia mwaka 597 KK, walikuwa na methali yao: baba wamekula zabibu chachu, meno ya watoto yakatiwa ganzi. Walikuwa na haki ya kulalamika, maana Wafalme wa Pili inakubaliana nao: wanalipia dhambi za Manase. Ezekieli, kuhani aliyehamishwa pamoja nao, anaikataa methali hiyo katika sura ya 18 kwa ukali wa mwanasheria. Kila mtu hubeba lake; mwovu akirudi ataishi; Mungu hafurahii kufa kwake mtu. Hapo toba iko mikononi mwa mtu mmoja mmoja, na mlango uko wazi leo.

Nabii huyohuyo, sura ya 36, mji ukiwa umekwisha kuanguka, anasema kinyume chake, au karibu na kinyume chake. Mungu atawarudisha, lakini wasidhani ni kwa ajili yao. Ni kwa ajili ya jina lake lililotiwa unajisi kati ya mataifa. Atawanyunyizia maji, atawapa moyo mpya, atauondoa wa jiwe. Watakaa katika nchi, nafaka itazidi. Halafu, baada ya hayo yote, katika mstari wa 31, watazikumbuka njia zao mbaya na kujichukia. Majuto ni mjukuu, husema Waswahili, na kwa kawaida tunamaanisha kwamba huja kwa kuchelewa, madhara yakiwa yamekwisha kutendeka. Kwa Ezekieli yanakuja nyuma ya neema. Mtu anaketi mezani, ameshiba, mvua imenyesha shambani mwake, ndipo anapoona aibu ya kweli, kwa sababu sasa hana cha kuogopa kinachoweza kuichafua aibu hiyo. Farao alitubu kwa sababu ya mvua ya mawe. Hawa wanatubu kwa sababu ya mavuno.

Sehemu ya uhamishoni ya kitabu cha Isaya, sura ya 44, inafuata mpangilio huohuo: dhambi imekwisha kufutwa kama wingu, basi rudi, kwa maana umekwisha kukombolewa. Ukombozi ni wakati uliopita, kurudi ni agizo linalofuata. Na Yeremia, katika sura ya 31, anamsikia Efraimu, yaani Israeli, akilia kwamba amerudiwa kama ndama asiyezoea nira, akiomba arudishwe ndipo arudi. Hapa Kiswahili kinaweza kusema kitu ambacho hata Kiebrania hakikisemi kwa neno moja: umenirudi, sasa nirudishe, nami nitarudi.

Anayebadilika katika maandiko haya si mwanadamu peke yake. Kiebrania kina kitenzi kingine, *niham*, chenye maana ya kughairi au kujuta, na mara nyingi anayeghairi ni Mungu. Baada ya ndama wa dhahabu, Kutoka 32, ni Musa anayemwambia Mungu arudi kutoka hasira yake na kughairi, akitumia vitenzi vyote viwili, na Mungu anaghairi. Sura ya 15 ya Samweli wa Kwanza inasema mara mbili kwamba Mungu alijuta kumfanya Sauli mfalme, na katikati ya mara hizo mbili Samweli anatangaza kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute. Mhariri aliyaona yote hayo na akayaacha yakae pamoja. Mzizi huohuo ndio unaofungua Isaya 40, ambako maana yake ni kufariji. Anayeghairi na anayefariji wanatumia pumzi moja, na Hosea sura ya 11 inaonyesha gharama yake: moyo wa Mungu unapinduka ndani yake anapofikiri kumwacha Efraimu.

Kupinduka ni kitenzi kilekile cha Yona. Mahubiri yake Ninawi ni maneno matano ya Kiebrania: siku 40 zimebaki, kisha Ninawi itapinduliwa. Hakuna sharti, hakuna mwaliko wa kutubu. Lakini kitenzi hicho kinaweza kumaanisha kuangamizwa, kama Sodoma, au kugeuzwa na kuwa kitu kingine, na mji ule ulichagua maana ya pili. Mfalme anasema tu, nani ajuaye. Na mwandishi anaeleza kwamba Mungu aliyaona matendo yao; magunia waliyowavalisha hata wanyama wao hayatajwi tena. Mishna ililigundua hilo na kuagiza lisemwe mbele ya watu siku za kufunga.

Bado kuna swali la urejesho wenyewe: kinarudi nini hasa? Manabii wana usemi wao, *shuv shevut*, ambao tafsiri nyingi za zamani ziliuelewa kuwa kurudisha mateka. Wasomi wengi leo wanaona maana yake ni kurudisha hali, kumrejesha mtu alipokuwa. Ushahidi mmoja ni kwamba usemi huo umetumika kwa Ayubu, sura ya 42, naye hakutekwa na mtu. Ushahidi wa Ayubu una uzito kwa sababu nyingine pia. Rafiki yake Elifazi alikuwa amemhubiria, sura ya 22, lile jibu la kwanza kwa maneno yake kamili: ukimrudia Mwenyezi utajengwa. Kitabu kizima ni kukataa kwa Ayubu kutubu dhambi ambayo hakuitenda, na mwishoni Mungu anasema Elifazi na wenzake hawakunena yaliyo sawa. Ayubu anarejeshwa wakati anawaombea wao.

Anarudishiwa maradufu: kondoo 14,000 badala ya 7,000, ngamia 6,000 badala ya 3,000. Baadhi ya wachambuzi wamegundua kwamba maradufu ndiyo malipo ambayo Kutoka 22 inamdai mwizi aliyekutwa na mali ya watu. Kitabu hakielezi zaidi, nami sitamsemea mwandishi. Lakini watoto hawakuwa maradufu. Walikuwa saba na watatu, idadi ileile, na hawakuwa walewale.

Waliorudi kutoka Babeli baada ya amri ya Koreshi ya mwaka 538 KK walijua tofauti hiyo. Ezra sura ya 3 inawaonyesha wakiweka msingi wa hekalu jipya. Wengi wanapiga kelele za furaha. Wazee waliokuwa wameliona hekalu la kwanza wanalia kwa sauti kuu. Na aliyesimama mbali hakuweza kupambanua sauti ya furaha na sauti ya kilio. Hekalu lilikamilika mwaka 515 KK. Sanduku la agano halikurudi, wala mfalme wa ukoo wa Daudi. Katika sala ndefu ya Nehemia 9 watu wako nyumbani, katika nchi waliyoahidiwa, na wanajiita watumwa ndani yake, kwa sababu mazao yake yanaliwa na wafalme wa kigeni.

Yeremia hakulima shamba la Anathothi, kwa kadiri kitabu chake kinavyosimulia. Walionusurika walimchukua wakaenda naye Misri, hadi Tahpanesi, na huko anatutoka machoni akiwa bado anabishana nao. Chungu cha Baruku hakitajwi tena.

Mapokeo yanamhesabu yeye kuwa mwandishi wa Maombolezo, kitabu ambacho Wayahudi hukisoma jioni ya tarehe 9 ya mwezi wa Avu, siku ya kukumbuka kuanguka kwa hekalu, wakiwa wameketi sakafuni au kwenye vigoda vifupi, taa zikiwa hafifu. Mstari wa 21 wa sura ya mwisho ni ombi lenye *shuv* mara mbili, la kusababisha na la kawaida, Mungu awarudishe kwake nao watarudi. Mstari wa 22, wa mwisho kabisa, unahofu kwamba huenda amewakataa moja kwa moja. Kwenye ngozi ya gombo kitabu kinakomea hapo. Lakini sinagogi haikubali msomaji anyamaze kwenye neno hilo. Watu wote pale sakafuni wanapaza sauti, wanarudi nyuma mstari mmoja, na kuomba tena warudishwe.